Jembe la Posa

Tangu azaliwe, Faustina hakuwahi kumwona baba yake akivaa tai siku isiyo ya ibada. Leo alikuwa ameivaa, ile ya rangi ya damu ya mzee, na shangazi Agatha alikuwa ameikaza kiasi kwamba Mzee Simeoni akitaka kutazama pembeni ilibidi ageuke mwili mzima. Walikuwa wameshuka kutoka kijijini kwao Shighatini mapema, wakapitia Mwanga, wakaja mpaka Same mjini, yote hayo kwa ajili ya kumsikiliza kijana mmoja ambaye keshokutwa angekuja kuposa nyumbani kwao.

"Huyu mkwe wetu anaanza saa ngapi?" aliuliza shangazi kwa sauti ambayo yeye aliamini ni ya kunong'ona.

"Bado kidogo, shangazi. Anafuata baada ya huyu wa matofali."

"Huyu wa matofali ameongea mno. Tofali ni tofali."

Mbele yao mwanafunzi mmoja aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Chuo kikuu kilikuwa kimekodi ukumbi wa hoteli kuonyesha kazi za idara yake ya uhandisi wa malighafi, yaani watu wanaochunguza chuma, simenti na plastiki ili wajue kwa nini kitu kimoja huvunjika na kingine hudumu. Viti vilijaa walimu na vijana wa sekondari, na upepo wa Same ulikuwa ukibamiza madirisha bila adabu. Faustina mwenyewe alikuwa mhadhiri msaidizi katika idara hiyo. Yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kukwangua kipande cha chuma kwa msasa mpaka king'ae kama kioo, wakatoka maabara vidole vyeusi na mikono inauma, na kwa sababu hiyo walimwita Madamu Msasa. Jina lenyewe alilipenda, ila hakuwaambia.

Katika maabara hiyohiyo ndiko alikoanza kumpenda Edgar. Dokta Edgar, mrefu, mwenye tabasamu la upande mmoja, mzaliwa wa Morogoro, alikuwa na tabia ya kumwita kila alipoona kitu kizuri kwenye hadubini. "Tina, njoo uone," angesema, naye Faustina angeinama kwenye jicho la hadubini huku bega lake likigusa mkono wa Edgar, na ukweli ni kwamba mara nyingine hakuona kitu chochote mle ndani. Alichokuwa akikisikia ni mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Mzee Simeoni hakumtaka. Kwa muda mrefu alimkataa waziwazi, tena bila kupandisha sauti.

"Kijana gani anacheka kabla hujamaliza kusema?" aliuliza siku ya kwanza Edgar alipofika Shighatini. "Na kwao tunamjua nani?"

"Baba, mimi namjua," Faustina alijibu. "Akikukosea, nidai mimi. Mimi ndiye ninayesimama badala yake."

Alisema hivyo mbele ya mama yake na shangazi Agatha, na kwa ajili ya neno hilo mzee akalegea. Alilegea kiasi cha kutoa jembe.

Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi. Tangu zamani walichota mchanga mweusi kwenye vijito vya Ugweno, wakauyeyusha, wakafua majembe na mikuki, mpaka zilipokuja bidhaa za dukani zikawazimia moto. Kati ya kazi zote hizo, nyumbani kwa Mzee Simeoni lilibaki jembe moja tu, bapa, pana kama jani la mgomba mchanga. Baba wa babu yake ndiye aliyelifua, likatolewa posa kwa mke wake. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba ile kwamba binti akiposwa, jembe lile hutolewa kabatini, binti hulishika kwa mikono miwili na kuliweka mbele ya wakwe. Hakuna anayesema neno. Maana yake kila mtu anaijua: mwanamke wa nyumba hii hakuokotwa, alitolewa jasho la mtu.

Shangazi Agatha alilishika. Dada zake Faustina wawili walilishika. Keshokutwa ilikuwa zamu yake, na kwa sababu hiyo alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Ombi la kulipeleka chuoni lilikuwa lake yeye. Edgar alitaka kulichunguza, kulipima uzito, kulipiga picha za mionzi, na Faustina alimhakikishia baba yake kwamba halitapata hata mkwaruzo. Kabla ya kumkabidhi Edgar alikaa nalo mwezi mzima. Alilipima unene kila mahali, akalichora pande zote, akalijua kuliko alivyojua uso wake. Kisha akaenda Maore na wanafunzi wake kuchunguza majivu ya pumba za mpunga, na jembe likabaki maabara kwa mtu aliyempenda.

"Haya sasa," alisema shangazi Agatha, akikaa sawa. "Huyo anapanda."

Edgar alipanda jukwaani na koti la bluu ambalo Faustina mwenyewe alilichagua. Aliwaamkia wazee kwanza, akamtafuta Mzee Simeoni kwa macho, akampa shikamoo peke yake kupitia kipaza sauti. Ukumbi ukageuka kumtazama mzee. Mzee akaitikia marahaba, akainua mkono kidogo.

"Wenzetu wa vitabu wanasema uhandisi tuliletewa," Edgar alianza. "Leo nataka kuwaonyesha kitu kilichotengenezwa huku milimani na mtu ambaye hakuona darasa."

Picha ya kwanza ilikuwa jembe zima, juu ya kitambaa cheupe. Ya pili ilikuwa ya mionzi. Edgar alieleza vizuri, bila haraka, akitania vijana pale walipoanza kusinzia, na Faustina alijikuta akitabasamu peke yake. Mtu wangu huyo, alijisemea. Baba, umemwona?

Ndipo ikaja picha ya tatu.

"Na huu," Edgar alisema, "ndio moyo wa jembe lenyewe."

Ukuta mzima ulijaa tabaka za kijivu na nyeupe, zilizopangana kutoka kwenye makali mpaka katikati, na ndani ya kila tabaka punje ndogondogo za chuma, kila punje na mpaka wake, safi kabisa. Mhunzi yule alikuwa ameunganisha chuma laini na chuma kigumu, tabaka kwa tabaka, kwa nyundo tu. Ilikuwa picha nzuri kupita zote ambazo Faustina aliwahi kuziona. Watu walipiga makofi. Shangazi Agatha alipiga kigelegele. Mzee Simeoni alisimama, mzee mzima, akapiga makofi akiwa amesimama.

Faustina hakupiga makofi.

Katika ukumbi ule walikuwepo watu wachache sana waliojua picha ile inapatikanaje, na yeye ndiye aliyekuwa akiifundisha. Chuma hakionekani moyo wake kwa nje. Ukitaka kuona tabaka zake kutoka makali mpaka katikati, kwanza unakikata kwa msumeno wa mashine. Kipande ulichokata unakizamisha kwenye plastiki ngumu, unakikwangua kwa msasa, unaking'arisha, unakimwagia asidi mpaka punje zijitokeze. Njia nyingine hakuna. Edgar alikuwa amezoea mno picha za namna ile hata akasahau kwamba kati ya wasikilizaji wake yupo mtu mmoja anayejua kuzisoma kuanzia nyuma.

Jembe lilikuwa limekatwa.

Faustina alimkuta Edgar nyuma ya hoteli, penye gari lake, akiweka kompyuta kwenye kiti. Wakati wa chai ulikuwa umefika na watu walikuwa wakitoka. Edgar alimwona, akafungua mikono.

"Umemwona mzee alivyosimama? Tina, kidogo nilie pale mbele."

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Jembe, Edgar. Usinifanye mtoto."

Mikono ya Edgar ilishuka taratibu. Alimtazama kidogo, kisha akatazama milima, kule ambako mawingu yalikuwa yameshuka nusu. Faustina aliyapenda macho yale. Hata sasa aliyapenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nilitaka kukwambia baada ya harusi," alisema Edgar.

"Umelikata."

"Sikulikata lote. Sehemu kubwa ipo."

"Sehemu kubwa ya nini?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi. Jarida lilikataa picha za nje. Walisema wazi, bila picha ya ndani hakuna makala. Na bila makala, ile nafasi ya kwenda kufanya utafiti nje siipati. Nafasi ile si yangu peke yangu, ni yetu. Tungeondoka wote."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Sasa unaona? Ndiyo maana sikukuuliza."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mwanafunzi hesabu rahisi.

"Ulilikata lini?"

"Ina haja gani, Tina?"

"Nijibu. Lini?"

"Ulipokuwa Maore."

Maore. Aliikumbuka jioni ile. Alikuwa amejaa majivu mpaka kwenye nyusi, wanafunzi wamemzunguka, na Edgar akatokea bila taarifa, akapiga goti kwenye vumbi la kinu cha mpunga na kumvisha pete. Wanafunzi walishangilia. Alipomkumbatia alisikia mikono yake ikinuka mafuta ya mashine, akacheka, akamwambia hata siku kama hii umetokea kazini. Aliipenda harufu ile. Kwa miezi yote hii, kila alipoisikia maabara, ilikuwa inamkumbusha siku ya furaha kuliko zote.

"Siku uliyonivisha pete," alisema polepole, "ulikuwa umeshalikata?"

Edgar aliinua mkono kutaka kumgusa shavu, naye akarudi nyuma hatua moja.

"Asubuhi yake?"

"Nilikuwa na furaha, Tina. Nilipoona zile tabaka nilisema huyu binti ametoka kwa watu wa ajabu, siwezi kumkosa. Naapa, sijakudanganya kuhusu mapenzi."

Na huenda alikuwa anasema kweli. Faustina aliona kwamba huenda ni kweli, na haikumsaidia kitu.

"Na keshokutwa Jumamosi je? Mimi nitaweka nini mbele ya watu wenu?"

Hapo uso wa Edgar ulichangamka kidogo, uso wa mtu anayefika mahali alipojiandaa. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akafunua gunia jipya. Ndani yake lilikuwepo jembe. Bapa, pana, lenye pengo dogo upande wa kushoto wa makali, palepale lilipotakiwa kuwa.

"Shika," alisema.

Alilishika. Uzito ulikuwa uleule. Unene ulikuwa uleule, hata pale karibu na shingo ambapo mhunzi alizidisha nyundo kidogo. Fundi hawezi kubahatisha hivyo. Mtu aliyelifua alipewa michoro, na michoro hiyo Faustina aliijua, maana aliichora kwa mkono wake, mwezi mzima, akiimba. Kazi yake ya upendo ndiyo iliyotumika kutengenezea uongo. Kutu tu ndiyo haikukubali. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, kutu changa ya maji ya chumvi, wakati ile ya jembe la nyumbani kwao ilikuwa nyeusi, imetulia.

"Mzee atalijua," alisema.

"Hawezi. Macho ya mzee unayajua mwenyewe. Hata pale mbele alikuwa anakodoa, picha zenyewe sidhani kama aliziona vizuri. Nani mwingine atajua? Ni mimi na wewe tu."

Kuna maneno mtu akishayasema hayarudi, na mwenyewe hajui kwamba ameyasema. Mpaka dakika ile Faustina alikuwa bado anamtafutia Edgar njia ya kutokea. Alikuwa tayari kulia naye, kwenda naye kwa baba yake, kupiga magoti naye kwenye sakafu. Lakini mtu huyu alikuwa ameyapima macho ya baba yake, yakamtosha.

"Twende ukamwambie," alisema.

"Leo? Mbele za watu?"

"Si mbele za watu. Mbele ya baba. Yuko pale kwenye baraza. Utamwambia baba, nimelikata, nimekosa. Mimi nitakuwa pembeni yako."

"Baada ya posa. Nakuahidi, Tina. Tukishakuwa mke na mume nitakwenda mwenyewe mpaka Shighatini. Lakini leo, mkuu wa idara yupo, watu wa wizara wapo. Unataka kunimaliza siku hii ya leo?"

"Nataka umwambie baba."

"Ukimwambia wewe, basi utakuwa umeivunja hii nyumba yetu kwa mkono wako. Usije ukasema ni mimi."

Mlango wa nyuma wa ukumbi ulifunguka, mhadhiri mwenzao akachungulia. "Dokta, picha ya pamoja. Wanakungoja wewe tu."

Edgar alimtazama Faustina. Akatazama mlango. Faustina alingoja, na kusubiri kule kulikuwa kugumu kuliko maneno yote yaliyotangulia, kwa sababu sehemu moja ya moyo wake ilikuwa bado inamwombea. Edgar akanyoosha koti lake la bluu, akasema, "Nakuja sasa hivi, usiondoke," akaenda kupigwa picha.

Faustina akavua pete, akaiweka juu ya lile jembe la kutengenezwa, akafunga buti.

Mzee Simeoni alikuwa barazani na soda mkononi, amezungukwa na vijana wawili wa sekondari waliokuwa wakimuuliza habari za wahunzi. Alipomwona binti yake aliwaaga kwa heshima. Shangazi Agatha alikuwa kando, ameficha mandazi mawili kwenye leso kwa ajili ya safari.

"Umekuja wakati mzuri," alisema mzee. "Nilitaka nipige picha na mkwe. Nitaitundika pale sebuleni, karibu na ya harusi ya dada yako. Mwanangu, mimi huyu kijana nilimkosea."

"Baba."

"Niache niseme. Nilimwona mtu wa maneno. Kumbe amemtoa baba wa babu yangu kaburini, amemsimamisha mbele ya watu wote hawa."

"Baba, amelikata."

Shangazi Agatha aliacha kufunga leso.

"Amekata nini?" aliuliza mzee.

"Jembe. Ile picha ya mwisho, ile ya ndani, haipatikani bila kulikata. Amelikata kwa msumeno, na kipande akakimwagia asidi. Kwenye gari lake kuna jembe jingine amelitengenezesha lifanane nalo. Alitaka nilishike hilo siku ya Jumamosi."

Mzee Simeoni aliweka soda kwenye ukingo wa baraza. Aliiweka vizuri, akahakikisha haitaanguka. Upepo ulikuwa unavuma barabarani na bodaboda zilikuwa zinapita.

"Ulijua?" aliuliza.

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu ukumbini. Alimtazama baba yake usoni, kwa sababu kutazama chini kungekuwa jibu.

"Sikujua, baba. Nimejua ilipotokea picha."

"Pale nilipopiga makofi."

"Ndiyo, baba. Palepale."

Mzee alitikisa kichwa mara moja, taratibu. Faustina aliona aibu ikipanda usoni mwa baba yake, aibu ya mtu mzima aliyesimama mbele ya vijana kumshangilia mwizi wake, na akatamani ardhi ya Same ipasuke immeze hapohapo.

"Mimi ndiye niliyekuomba," alisema. "Mimi ndiye niliyesema nasimama badala yake. Ulimkataa, nikakulazimisha. Nidai mimi, baba, kama nilivyosema."

"Ndiyo. Ulisema hivyo."

"Mwanaharamu," alisema shangazi Agatha, na haikueleweka kama analia au anatukana. "Ngoja nimfuate humo ndani."

"Kaa, Agatha."

"Kaka, jembe nililolishika mimi—"

"Nimesema kaa."

Shangazi akakaa. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya mpiga picha akiwaambia watu wasogee, watabasamu, mmoja zaidi. Faustina alingoja kukaripiwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo; angekaripiwa angeweza kusimama wima, angeweza hata kujitetea. Alisema haraka haraka, akijitahidi sauti isivunjike, "Nyie tangulieni kwenye gari. Mimi nitampigia mama simu. Nitamwambia mwenyewe kwamba Jumamosi hakuna wageni. Ni kosa langu, si haki mlibebe nyie."

Mzee Simeoni alimtazama binti yake. Kwa yale macho yake mabovu alimtazama muda mrefu, akimkagua kama mtu anayekagua kitu chake baada ya kukitoa kwenye mikono ya wengine. Kisha akamshika mkono, pale juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Hilo si la kusema kwenye simu," alisema. "Wala si la kusema peke yako. Twende wote tukamwambie, tumuwahi kabla hajaloweka mahindi ya makande ya wageni."

Hapo ndipo Faustina alipolia.